Mbwa Akibadilika Tabia: Ushauri kwa Wakazi wa Usenge na Ufuo wa Ziwa

Ukimwona mbwa amesimama kando ya banda la samaki pale Usenge, taya limelegea, ulimi uko nje na mate yanachuruzika hadi kifuani, wazo la kwanza linalomjia mtu wa ziwani ni kwamba mfupa wa mbuta umemkwama. Wazo hilo lina sababu. Mbwa wa bichi zetu wanaishi kwa vichwa, matumbo na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa, na mifupa ya mbuta ni mikubwa, tena mikali. Basi mtu mwenye huruma humshika, akampanua kinywa na kuingiza vidole kuutafuta mfupa. Nakuomba usifanye hivyo. Taya lililolegea ni mojawapo ya dalili kubwa za kichaa cha mbwa. Mkono wa mvuvi hauishi mikwaruzo ya ndoana na ya nyuzi za nyavu, na mkono huo ukishaingia kinywani mate yamekwisha kupita kwenye kidonda, hata kama mbwa hakuuma.

Mbwa huyo ananitia hofu kuliko yule anayekimbia sokoni akiwabwekea watu. Yule mkali, kila mtu humkwepa. Huyu mpole, mwenye macho ya kuomba msaada, ndiye watoto humwendea na mama mwuza omena humsogezea maji. Picha tuliyo nayo vichwani ya mbwa mwenye kichaa, povu mdomoni na meno nje, ni ya kweli, lakini ni nusu ya ugonjwa, na mara nyingi ni nusu ya mwisho. Mtu akiisubiri picha hiyo ndipo achukue hatua, huwa amechelewa kwa siku kadhaa, na siku hizo ndizo zenye hatari.

Ili kuelewa ni kwa nini, fuata njia ya kirusi chenyewe. Mbwa akiumwa na mnyama mgonjwa, virusi huingia na mate kwenye kidonda, vikakaa hapo katika nyama, kisha vikaingia katika mishipa ya fahamu. Kutoka hapo hupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na hatimaye ubongo. Safari hiyo huchukua muda. Kwa mbwa wengi ni kati ya majuma matatu na miezi mitatu, na mara chache huzidi hapo sana. Muda wote huo mbwa anakula, anacheza, analinda boma, na kidonda kimepona hata mwenyewe umekisahau. Virusi vikishafika ubongoni huzaliana kwa wingi, kisha hushuka tena kwa mishipa ile ile ya fahamu hadi kwenye tezi za mate. Mate yanaweza kuwa na virusi siku chache kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo mbwa anaweza kukuuma Jumatatu ukiwa unamwona mzima kabisa, na Ijumaa akaanza kuyumba.

Ugonjwa unaokaa ubongoni hujitangaza kwa tabia kabla ya kujitangaza kwa mwili. Kwa sababu hiyo huwezi kuutambua mapema kwa mbwa usiyemjua. Anayemjua mbwa, katika nyumba nyingi, ni mtoto anayecheza naye na mtu anayempa makombo jioni, wala si lazima awe baba mwenye boma. Wakikuambia, "Simba hajambo lakini leo hayuko sawa," wasikilize. Waulize hayuko sawa vipi. Mbwa aliyezoea kuipokea mashua alfajiri leo amejificha chini ya mtumbwi uliopinduliwa na hataki kutoka. Mbwa aliyekuwa mkali kwa wageni leo anajisugua kwenye miguu ya kila mpita njia na kulamba mikono bila kukoma. Aliyekuwa mlafi anakinusa chakula na kukiacha. Anashtuka kwa sauti ndogo, hata mlio wa sufuria. Mwanga wa jua unamsumbua, anatafuta giza. Pengine analamba au kung'ata mahali pamoja mwilini, mguu au bega, mpaka manyoya yanatoka. Hapo jiulize kama ndipo alipowahi kuumwa, kwa kuwa kovu la zamani huanza kumwasha au kumchoma virusi vinapoamka.

Hali hiyo huchukua siku mbili au tatu. Baadaye ugonjwa hushika njia moja kati ya mbili, au zote mbili kwa zamu.

Njia ya kwanza ni ile ya ghasia. Mbwa hatulii. Anatembea bila mwelekeo, anavunja kamba, anatoka nyumbani na kwenda mbali. Anaweza kutoka Usenge akaonekana Nyamonye au Usigu siku hiyo hiyo, akiuma mbwa, mbuzi na watu wanaomzuia njiani. Anarukia hewani akijaribu kudaka nzi ambaye hayupo. Anakula vitu visivyoliwa, mchanga, vijiti, mawe, vipande vya nyavu. Sauti yake inabadilika. Mkoromo unaingia katika kubweka kwake, kisha mlio unavutika mwishoni kuwa kama ukelele, kwa sababu misuli ya koo imeanza kupooza. Sauti hiyo ukiisikia mara moja utaitambua tena hata usiku.

Njia ya pili ni ya ukimya, na ndiyo ninayoisisitiza. Mbwa hapiti katika ghasia hata kidogo, au hupita kwa saa chache ambazo hakuna aliyeziona. Analala pembeni. Taya linaanguka. Anashindwa kumeza, na mate anayoshindwa kuyameza ndiyo yale unayoyaona yakining'inia. Miguu ya nyuma inalegea, anatembea kama mlevi, kisha anashindwa kusimama. Haumi mtu kwa sababu hawezi kufunga mdomo. Watu humwonea huruma, wakasema amekula sumu, au amegongwa na bodaboda, au ana mfupa. Watoto humbeba.

Vyovyote iwavyo, mwisho ni kupooza na kufa, na mara nyingi hazipiti siku kumi tangu dalili ya kwanza. Hakuna dawa ya kumponya mbwa aliyeanza kuonyesha dalili.

Sasa niseme juu ya maji, maana sisi ni watu wa ziwa na kosa hili linaweza kutugharimu. Binadamu aliyeshikwa na ugonjwa huu huogopa maji, kwa sababu koo lake hukakamaa kwa maumivu anapojaribu kumeza. Mbwa hana hofu hiyo. Mbwa mwenye kichaa anaweza kwenda hadi ukingoni, akatia mdomo majini akijaribu kunywa, akaingia na hata kuogelea. Usimpime mbwa kwa bakuli la maji ukasema kwamba maadamu amelisogelea, hana kichaa.

Kuna magonjwa mengine yanayofanana na hili, na ni haki kuyataja ili mtu asimuue kila mbwa anayetetemeka. Sumu ndiyo ya kwanza, iwe ya panya, ya mashambani, au dawa ya kupe iliyochanganywa kali kupita kiasi. Mbwa aliyekula sumu kwa kawaida huanza ghafla, ndani ya dakika au saa chache, kwa kutapika, kuharisha, kutetemeka mwili mzima na degedege, na mara nyingi mbwa wawili au watatu huanguka siku moja mahali pamoja. Kichaa hakiji hivyo. Watoto wa mbwa hupata distempa, ambayo huanza na makamasi, tongotongo na kikohozi, na baada ya siku au majuma misuli ya uso na taya huanza kurukaruka. Malale ya wanyama, yanayoenezwa na mbung'o, huwapata mbwa pia. Huvimba uso, wakakonda na jicho likafunikwa na wingu jeupe. Na naam, kuna mbwa waliokwamwa na mfupa kweli. Huyo huhangaika kujikuna mdomo kwa makucha tangu dakika ile mfupa uliponasa, na akili yake iko timamu.

Ila tofauti hizi ni za daktari wa mifugo kuzipima. Wewe na mimi tushike kanuni moja: mbwa aliyebadilika tabia na kuanza kuyumba, kukoroma au kuchuruzika mate, atachukuliwa kuwa ana kichaa mpaka aliyesomea aseme vingine. Ukikosea kwa kumwogopa mbwa aliyekula sumu, hujapoteza kitu. Ukikosea upande wa pili, hakuna marekebisho.

Ugonjwa huu huwapata wanyama wa aile inayonyonyesha watoto wake. Kuku, nyoka, kenge na samaki hawaupati. Kuku akipinda shingo na kuzunguka akiangalia juu, huyo ana kideri, na dawa yake ni kuwachanja wenzake kabla hakijaingia bomani. Mbuzi akianza kunyanyua miguu juu anapotembea, akizunguka duara na kuanguka kwa degedege huku mwili una homa kali, fikiria kwanza kupe na ugonjwa ambao wafugaji huuita moyo maji. Ukimwita daktari mapema, sindano ya antibayotiki inaweza kumwokoa. Lakini mbuzi, ng'ombe, punda na paka wanapata kichaa wakiumwa na mbwa mgonjwa. Ng'ombe hulia kwa sauti nzito isiyokatika mpaka inakauka, hujikamua kana kwamba anataka kwenda haja na hawezi, huchuruzika mate, kisha miguu ya nyuma humwisha nguvu. Na hapa kosa lile la mfupa hujirudia. Mfugaji hudhani ng'ombe amekwamwa na kitu kooni, akaingiza mkono mzima hadi kwenye kiwiko kukitafuta. Usiingize mkono. Wala usimchinje ng'ombe huyo ili usipate hasara. Anayepasua kichwa na kushika ubongo na mate ndiye anayejiweka hatarini zaidi, na nyama ya mnyama aliyekufa kwa kichaa si ya kuliwa wala kuuzwa. Maziwa yake yamwagwe.

Paka nao tuwaangalie. Paka mgonjwa hujificha mahali penye giza, na anayemnyooshea mkono humrukia usoni. Paka wengi hawajachanjwa, kwa sababu watu hudhani chanjo ni ya mbwa peke yake.

Tuje kwa mtu aliyeumwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uhai wa mtu hutegemea saa ya kwanza.

Osha kidonda. Osha papo hapo, kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika kumi na tano kamili. Dakika kumi na tano ni nyingi kuliko mtu anavyodhani akiwa na mtoto anayelia, kwa hiyo tazama saa ya simu. Sabuni yoyote inafaa, ya kufulia au ya kuogea, kwani huvunja ganda la kirusi, na maji hukifukuza kabla hakijashika mshipa wa fahamu. Kama mpo ziwani na hakuna bomba, tumia maji mliyo nayo, mtu mmoja akimimina kwa jagi na mwingine akisugua kwa upole. Baadaye paka ayodini au spiriti ikiwepo. Usipake majivu, ugoro, mafuta ya taa, pilipili, udongo wala manyoya ya mbwa aliyekuuma. Usibandike lile jiwe jeusi ambalo watu humbandika aliyeumwa na nyoka. Usikifunge kidonda kwa nguvu, wala usikubali kishonwe kwa haraka kabla mhudumu hajajua kwamba ni cha mbwa.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wako. Kutoka Usenge, wengi huanzia zahanati ya karibu kisha wakaelekezwa Bondo, na kesi kubwa hupelekwa Siaya au Kisumu. Chanjo ya binadamu haipo katika kila kituo kila siku. Piga simu kwanza, au mtume mtu mwenye simu aulize, ili usitumie nauli na saa nyingi kwenda mahali ambapo jokofu ni tupu. Ukiambiwa haipo, uliza ipo wapi leo, na wala usikubali kurudi nyumbani kusubiri ije.

Mhudumu atapima uzito wa tukio. Mbwa akilamba ngozi isiyo na jeraha, kuosha kunatosha. Akikung'ata kidogo au kukukwaruza bila damu kutoka, unahitaji chanjo. Akikutoboa ngozi, au akilamba kidonda kibichi, jicho au mdomo, unahitaji chanjo pamoja na kinga ya haraka inayodungwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe. Dawa hiyo ya pili ni kinga iliyokwisha tengenezwa, ya kulinda wakati mwili wako bado unajifunza kutengeneza yake, na ndiyo inayoadimika zaidi. Iulizie kwa jina la imunoglobulini. Chanjo yenyewe hutolewa kwa awamu. Ratiba iliyozoeleka kwa sindano za msuli ni siku ya kwanza, ambayo kadi huiita siku ya sifuri, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, ingawa zipo ratiba fupi zaidi ambazo hospitali inaweza kukupa. Fuata kadi yako mpaka mwisho. Wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa sababu kidonda kimepona na nauli imeisha. Kidonda kupona hakuna maana yoyote hapa, kwani kirusi hakibaki kidondani. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha huchanjwa kama wengine.

Kwa binadamu ugonjwa huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kujitokeza, na unaweza kuja kabla ya hapo au baada ya hapo sana. Kwa hiyo aliyeumwa mwezi uliopita na hakuchanjwa, bado anapaswa kwenda leo. Ila dalili zikishaanza, hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mtu maumivu. Pengo hilo kati ya ugonjwa unaozuilika karibu wote na ugonjwa unaoua karibu wote linaniumiza kila ninapolifikiria, kwa sababu linajazwa na sabuni, nauli na taarifa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kati ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, takriban wanne katika kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Sababu mojawapo ni kimo. Mbwa humfikia mtoto usoni na shingoni, na kutoka hapo hadi ubongoni safari ya kirusi ni fupi. Sababu nyingine ni woga wa fimbo. Mtoto aliyekwenda kuchokoza mbwa wa jirani, au aliyekuwa ziwani wakati alipaswa kuwa shuleni, hatasema. Ataficha mkwaruzo chini ya kaptura. Mwambieni mtoto mapema, kabla lolote halijatokea, kwamba akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka hatachapwa, kwa sababu yoyote ile, na mshike neno hilo.

Na mbwa aliyeuma, tumfanye nini? Mtaani jibu huwa mawe na marungu. Naelewa hasira, hasa mzazi akiwa ndiye anayerusha. Lakini mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa bila mtu mwingine kuumwa, akiwa hai ana faida kubwa. Mfungie peke yake, kwa mlango au kwa mnyororo usiokatika, umpe chakula na maji kwa kusukuma kwa fimbo, na daktari wa mifugo amtazame kwa siku kumi. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na hospitali inaweza kuamua kusitisha chanjo. Akifa au akibadilika ndani ya siku hizo, tumejua. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku kumi hizo ndipo aanze sindano. Anaanza leo, na mbwa anatazamwa wakati sindano zinaendelea.

Kama mbwa ameuawa, asitupwe ziwani wala jalalani ambako mbwa wengine watamla. Kumpiga kichwani huharibu ubongo, na ubongo ndio pekee unaoweza kuthibitisha ugonjwa maabara. Mwite afisa wa mifugo wa wadi, ambaye ana glavu na utaratibu wa kuchukua sampuli. Ikishindikana kabisa, asiguswe kwa mikono mitupu, azikwe kina kirefu mbali na maji. Taarifa ifike kwa naibu wa chifu na kwa kamati ya bichi, maana hapo ndipo watu wa mashua hupata habari haraka. Ukipiga simu kwa afisa, mweleze mbwa ni wa nani, tabia ilibadilika lini, amewauma au kuwalamba nani na mifugo ipi, na kama ana kadi ya chanjo. Maneno hayo manne yanamsaidia kuliko kusema tu kwamba kuna mbwa mwenye kichaa sokoni.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Nchini Kenya ulithibitishwa kwanza mwaka wa 1912 kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na binadamu wa kwanza aliyerekodiwa, mwaka wa 1928, alikuwa mwanamke kutoka eneo hili la Ziwa Victoria. Zaidi ya karne sasa tunaishi nao. Serikali ilipotoa mpango wa kuumaliza kwa binadamu kati ya 2014 na 2030, Siaya na Kisumu zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza, pamoja na Machakos, Makueni na Kitui. Kwa hiyo kumwomba afisa wa mifugo kampeni ya chanjo Usenge ni kudai jambo ambalo tayari limepangwa kwa ajili yetu.

Inawezekana, na mfano uko karibu. Kisiwa cha Pemba kilichanja mbwa wake kwa kampeni zilizorudiwa mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2014 maambukizi yalikuwa yamekatika. Chanjo ikalegea, na 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakarudia kuchanja, wakafuatilia kila aliyeumwa nyumba kwa nyumba, na 2018 wakaumaliza tena. Ninawafikiria watu wa kisiwa chetu cha Mageta ninaposoma habari hiyo. Kisiwa kina faida kwamba mbwa hawezi kutembea hadi hapo kwa miguu yake. Anakuja kwa mashua, na mtu ndiye anayempakia. Kamati za bichi zinaweza kukubaliana kwamba mbwa asiye na kadi ya chanjo hapandi mashua ya kwenda kisiwani, na kanuni hiyo ingefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Kwa wakazi wa visiwani vilevile, mtu akiumwa, mashua ya kwanza inayotoka ndiyo yake, na kuosha kidonda kufanyike kabla ya kupanda, maana upepo ukichafuka saa huenda.

Lengo la chanjo ni mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka. Kiwango hicho kikishikwa, mbwa mgonjwa hukosa wa kumwambukiza na mnyororo hukatika. Hurudiwa kila mwaka kwa sababu mbwa wetu huishi maisha mafupi, na watoto wa mbwa waliozaliwa baada ya kampeni iliyopita hawana kinga yoyote. Mbwa wako achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, arudiwe kila mwaka, na afisa akikubali kuchanja wadogo zaidi wakati wa kampeni, wapeleke hao pia, kwa kuwa ndio ambao watoto wetu huwabeba kifuani. Mbwa wa bichi asiye na mwenyewe ana mtu anayemlisha. Huyo ndiye amlete. Mbwa aliyechanjwa akiumwa na mbwa wa kushukiwa, arudishwe kwa daktari mara moja apewe sindano nyingine na atazamwe. Ambaye hakuchanjwa, daktari ataamua, na uamuzi unaweza kuwa mgumu: kufungiwa kwa miezi kadhaa au kuuawa kwa njia ya utu. Nimeona watu wakimficha mbwa ili kuepuka uamuzi huo. Nawaelewa, kwa kuwa nami nampenda mbwa, lakini mbwa aliyefichwa analala nyumba moja na watoto.

Kampeni nyingi huzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka wa 1895, miaka kumi baada ya kumchanja mvulana aliyeumwa na mbwa. Tangazo likitolewa kanisani, sokoni au kwa kipaza sauti cha pikipiki, mlete mbwa asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa kamba imara, naye aongozwe na mtu mzima. Kamba mbovu na mtoto mdogo katikati ya mbwa hamsini wasiojuana ndiyo chanzo cha watu kuumwa siku ya chanjo yenyewe. Kadi utakayopewa itie ndani ya plastiki, uiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Andika nyuma yake jina la mbwa, rangi yake, na namba ya simu ya afisa wa mifugo wa wadi, ili hata usipokuwepo nyumbani, aliyebaki ajue ni nani wa kupigia.